Ganzi ya mkono kwa mwenye ugonjwa wa Lyme: kwanza wapi, kisha nani

Neno "mshipa" limebebeshwa kazi nyingi mno. Mshipa hupitisha damu, mshipa huhisi maumivu, mshipa huunganisha nyama na mfupa, na kwa wengine mshipa ni ngiri. Mtu akisema "mishipa ya mkono inaniuma" huenda anasema jambo moja kati ya matatu yasiyofanana, na daktari asipomdadisi, wataachana kila mmoja na maana yake. Kwa hiyo humu nitasema "neva" kwa kile kinachopeleka hisia na amri, na "kano" kwa ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Sibagui maneno kwa kupenda usahihi tu. Tatizo tunaloliendea hutokea hasa pale neva na kano zinapogombania njia moja nyembamba.

Mtu aliyewahi kuugua Lyme, ugonjwa wa bakteria anayeletwa na kupe, au ambaye bado yuko kwenye dawa, anaamka saa nane usiku vidole vimekufa ganzi. Anaukung'uta mkono, hisia zinarudi, analala. Baada ya wiki kadhaa dole gumba linawaka kama limepakwa pilipili, kikombe kinamponyoka, vifungo vya shati vinamshinda. Swali linalomjia ni moja: huu ni Lyme? Na kama alikwisha kutibiwa, je, umerudi?

Huenda ni Lyme. Huenda ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, kama inavyowabana watu ambao hawajawahi kuguswa na kupe. Huenda ni yote mawili, maana mwili haukujiwekea ada ya kuugua kitu kimoja kwa zamu. Kinachowapoteza wengi ni mpangilio wa maswali. Wanaanza na mtuhumiwa, kisha wanamtafutia ushahidi. Mkono unataka kinyume chake: kwanza ijulikane neva imeguswa mahali gani, ndipo aulizwe aliyeigusa.

Njia nyembamba ya kifundo

Geuza mkono, kitanga kitazame juu. Chini ya ngozi, pale kifundo kinapokutana na kitanga, mifupa midogo minane imejipanga kama bakuli. Juu ya bakuli hilo umetandazwa ukanda mgumu kama paa. Kati ya sakafu ya mifupa na paa la ukanda ndimo lilimo handaki, na ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole pamoja na neva moja, neva ya kati. Kano ni imara. Neva ni laini. Nafasi ikipungua, anayeumia anajulikana.

Nafasi hupungua kwa njia nyingi. Utando unaozifunika kano huvimba, maji hujaa, kifundo kikikunjwa shinikizo hupanda. Usingizini wengi wetu hulala tumekunja vifundo, na ndiyo maana dalili hupenda usiku. Ule ukung'utaji wa mkono gizani, ambao mgonjwa hudhani ni tabia yake tu, ni dalili ambayo madaktari huiuliza kwa makusudi.

Neva ya kati huhudumia dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, ile inayokielekea kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo. Hicho ni cha neva ya alna, inayopita nyuma ya kiwiko. Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hulipita. Ngozi ya kitanga iliyo juu ya kile kinofu cha chini ya dole gumba huhudumiwa na tawi linalochepuka kabla ya handaki na kupita nje yake. Kwa hiyo mtu mwenye handaki lililobana huwa na vidole vyenye ganzi na kitanga chenye hisia zake kamili. Ganzi ikienea kitanga kizima, ikapanda kwenye kigasha, au ikakaa kwenye kidole cha mwisho, huenda mahali penyewe si handaki.

Ndiyo maana ramani ya vidole inafaa kuliko neno "ganzi" peke yake. Neno hilo limemeza mambo mengi: kutohisi kabisa, kuchomwachomwa sindano, kuwaka, kuhisi wadudu wanatambaa, uzito wa mkono usio wako. Mgonjwa anayechora mkono kwenye karatasi na kutia rangi sehemu zinazosumbua humsaidia daktari kwa dakika moja kuliko maelezo ya nusu saa.

Kupe na kinachofuata

Lugha yetu imemgeuza kupe kuwa tusi la mnyonyaji, na hapa tusi hilo linamfaa mwenyewe. Kupe wa jamii ya Ixodes hung'ang'ania ngozini kwa siku kadhaa bila kuuma kwa namna ya kumwamsha mtu. Bakteria wa Lyme hukaa tumboni mwake na huhitaji muda kuhamia kwa binadamu, kwa kawaida zaidi ya saa 24. Hiyo ndiyo sababu kumwondoa mapema kuna maana kubwa.

Jina Lyme ni la mji wa jimbo la Connecticut, Marekani, ambako katikati ya miaka ya 1970 watoto wengi kupita kawaida walionekana na magoti yaliyovimba. Allen Steere na wenzake waliufuatilia ugonjwa huo, na mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kumpata bakteria mwenye umbo la kizibuo ndani ya kupe. Bakteria huyo sasa anaitwa Borrelia burgdorferi. Lakini Ulaya ilikwisha kuiona sura ya kineva ya ugonjwa huu zamani. Garin na Bujadoux waliandika Ufaransa mwaka 1922 juu ya mgonjwa aliyepata maumivu makali na kupooza baada ya kuumwa na kupe, na Bannwarth akaeleza Ujerumani mwaka 1941 wagonjwa wenye maumivu ya mizizi ya neva pamoja na uvimbe wa utando wa ubongo.

Tofauti ya mabara hayo mawili si ya kihistoria tu. Marekani hutawala B. burgdorferi, anayependa viungo. Ulaya kuna pia B. garinii, anayeelekea zaidi neva, na B. afzelii, anayeelekea ngozi. Kwa hiyo maelezo ya mgonjwa wa Ulaya na ya mgonjwa wa Marekani yanaweza kutofautiana, na wote wawili wakawa wakweli.

Dalili ya kwanza kwa asilimia 70 hadi 80 ya wanaoambukizwa ni baka jekundu linalopanuka, kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa. Wiki au miezi inayofuata bakteria anaweza kufika kwenye neva, moyo au viungo. Hapo ndipo mkono unapoingia.

Njia nne za kuufikia mkono

Njia ya kwanza ndiyo inayozungumzwa zaidi: uvimbe ndani ya handaki lenyewe. Utando wa kano au wa kifundo ukivimba, neva ya kati hubanwa kama ingebanwa na uvimbe wa sababu nyingine. Lakini viungo ambavyo Lyme huvipenda ni vikubwa, na goti ndilo la kwanza. Kabla antibayotiki hazijawa kawaida, takriban asilimia 60 ya wagonjwa wa Marekani waliokuwa na baka na hawakutibiwa walikuja kupata uvimbe wa viungo, wengi wao magotini. Kifundo cha mkono huguswa mara chache zaidi. Na mwenye goti lililovimba huishia kuegemea fimbo au magongo, kifundo kimekunjwa kwa nyuma na uzito wa mwili unalala juu ya handaki. Mkono wa namna hiyo umeumizwa na Lyme kwa kuzunguka, kupitia goti, na hauhitaji bakteria hata mmoja ndani ya kifundo. Mfano huu naupenda kwa sababu unaonyesha jinsi swali la "ni Lyme au si Lyme" linavyoweza kuwa limekosewa tangu kuulizwa.

Njia ya pili ni mzizi wa neva shingoni. Hii ndiyo sura aliyoieleza Bannwarth: maumivu ya kuchoma au ya kukata, yanayozidi usiku, wiki chache baada ya kuumwa, na dawa za kawaida za maumivu hazifui dafu. Mzizi wa sita wa shingo huleta hisia kwenye dole gumba na kidole cha shahada, wa saba kwenye kidole cha kati. Ni vidole vilevile! Tofauti iko juu zaidi: maumivu huanzia shingoni au begani, hupita mkono mzima, na kuukung'uta hakusaidii. Mara nyingine upande mmoja wa uso hulegea, au kichwa kinauma na shingo inakakamaa. Mchanganyiko huo hauvumilii kusubiri. Unahitaji daktari siku hiyohiyo, na mara nyingine maji ya uti wa mgongo hupimwa.

Njia ya tatu ni neva za pembeni zenyewe kuathirika huku na huku. Hapo miguu kwa kawaida husumbuka pamoja na mikono au kabla yake. Ulaya kuna sura yake ya pekee: B. afzelii akikaa ngozini kwa miezi au miaka, ngozi ya nyuma ya mkono au ya kiwiko hugeuka nyekundu ya zambarau, kisha hukonda mpaka mishipa ya damu ikaonekana kama kupitia karatasi. Ngozi hiyo mara nyingi huambatana na ganzi ya eneo lilelile. Nyuma ya mkono, si upande wa kitanga. Mtu mwenye ganzi na ngozi ya namna hiyo asikubali kuambiwa ni handaki kabla ngozi haijatazamwa.

Njia ya nne ni kwamba Lyme haihusiki. Watu hawapendi kuisikia, lakini ndiyo yenye safari nyingi zaidi.

Kwa nini njia ya nne ina watu wengi

Mwaka 1989 John Halperin na wenzake, madaktari wa Marekani, waliandika kwamba takriban robo ya wagonjwa wao wenye Lyme ya muda mrefu walikuwa na dalili za handaki la kifundo. Takwimu hiyo imesafiri mbali. Imenukuliwa na wanaotaka kuthibitisha kwamba kila ganzi ya mgonjwa wa Lyme ni Lyme. Lakini hao walikuwa wagonjwa waliofikishwa kwa wataalamu kwa sababu hali yao ilikuwa na utata, si watu wote walioambukizwa. Inatufundisha kwamba uhusiano upo na unastahili kutafutwa. Haitupi uwezekano wa mgonjwa mmoja aliyeketi mbele ya daktari leo.

Iweke kando ya takwimu nyingine, ya kusini mwa Sweden, mwaka 1999. Huko watafiti waliuliza watu wa kawaida, wala si wagonjwa. Zaidi ya asilimia 14 walisema wana maumivu, ganzi au michomo kwenye eneo la neva ya kati. Walipopimwa kwa mikono ya daktari na kwa umeme, waliothibitishwa kwa njia zote mbili walikuwa asilimia 2.7. Yaani ganzi ya vidole hivi ni jambo la kila siku katika umma, na hata handaki lililothibitishwa si adimu. Chukua kundi lolote kubwa la watu, wapenda muziki au wenye Lyme, utawakuta humo.

Waliomo hasa ni wajawazito, wenye kisukari, wenye tezi ya thairoidi iliyolegea, wenye baridi yabisi, wenye uzito mkubwa, na wanaofanya kazi za mitetemo au za kukamata kwa nguvu. Mgonjwa wa Lyme anaweza kuwa mmoja wao kama mtu mwingine yeyote. Kusema kweli, msemo kwamba Lyme "huiga kila ugonjwa" haunifurahishi. Ugonjwa ukipewa uwezo wa kueleza kila dalili, kipimo cha sukari hakipimwi, na neva inaendelea kufa kwa sababu iliyokuwa na dawa.

Vipimo na mipaka yake

Daktari hugonga kidogo juu ya handaki kuona kama michomo inaruka vidoleni, humtaka mgonjwa akunje vifundo kwa dakika moja, au hubonyeza handaki kwa dole gumba kwa nusu dakika. Hakuna hata kimoja kinachotosha chenyewe. Kinachopata mahali kwa uhakika zaidi ni kipimo cha umeme wa neva: mkondo mdogo hupitishwa na kasi yake hupimwa. Ikipungua pale pale kwenye kifundo na kuwa nzuri kwingine, handaki limekamatwa. Ikipungua kwenye neva nyingi, za mikono na miguu, tunarudi njia ya tatu. Tatizo dogo tu lililoanza karibuni linaweza kutoonekana, kwa hiyo majibu mazuri hayamfanyi mgonjwa kuwa mwongo.

Kipimo cha damu cha Lyme kinajibu swali tofauti kabisa. Hakitafuti bakteria, hutafuta kingamwili, askari ambao mwili uliwaunda kumpinga. Askari hao huchelewa kujitokeza kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kipimo cha siku za mwanzo kinaweza kuwa hasi kwa mtu aliyeambukizwa kweli. Kisha hubaki kwa miaka, hata baada ya bakteria kwisha. Mtu aliyetibiwa miaka mitano iliyopita, akipimwa leo kwa sababu ya ganzi, anaweza kupata majibu chanya yanayosimulia vita vya zamani. Majibu hayo hayasemi lolote kuhusu kifundo chake. Kupima tena na tena ili kuona kama dawa imefanya kazi ni kupoteza damu.

Tiba mbili, si moja

Pale Lyme iliyo hai inapothibitishwa, dawa zake zinajulikana na muda wake una mwisho: doxycycline kwa kumeza kwa wiki mbili au tatu neva zikiathirika, wiki nne kwa uvimbe wa viungo, na ceftriaxone ya sindano ya mshipani kwa hali fulani. Antibayotiki humwondoa bakteria. Hazilegezi paa la handaki.

Handaki lina tiba yake, na mwenye Lyme anaistahili kama mwingine. La kwanza ni gango linaloshika kifundo kikiwa kimenyooka wakati wa kulala. Ni rahisi, halina sumu, na linapuuzwa mno. Likishindwa kuna sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo mara nyingi huleta nafuu kwa wiki au miezi. Hapa mgonjwa aseme wazi kama ana Lyme ambayo haijatibiwa na kiungo kimevimba, kwa maana hapo antibayotiki hutangulia na steroidi husubiri. Mwishoni kuna upasuaji wa kukata ule ukanda wa juu, paa la handaki. Unafanya kazi vizuri, mradi tatizo liko hapo. Aliyekatwa handaki kwa maumivu yanayotoka shingoni ataamka na kovu jipya na maumivu ya zamani. Dalili ya kutochelewa ni udhaifu: dole gumba likishindwa kuinuka mbali na kitanga, au kile kinofu chini yake kikianza kubonyea, misuli imeanza kukosa amri.

Sehemu ya matibabu inayonitia wasiwasi ni antibayotiki za miezi na miezi kwa sababu ganzi haijaisha. Uholanzi walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 280 wenye dalili zilizodumu. Wote walipewa ceftriaxone kwa wiki mbili, kisha baadhi wakaongezewa antibayotiki za wiki 12 na wengine dawa bandia. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba nyongeza hiyo iliboresha maisha yao. Dalili zao zilikuwa za kweli. Dawa ndiyo haikuwa jibu.

Na kuna mzaha mchungu ndani yake. Metronidazole, antibayotiki ambayo baadhi hupewa kwa muda mrefu ikidaiwa kumfuata bakteria aliyejificha, yenyewe huweza kuharibu neva za pembeni ikitumika sana. Vitamini B6, ambayo watu hujinunulia kwa ajili ya "kulisha neva", ikizidi kwa muda mrefu huzijeruhi neva zilezile na kuleta ganzi ileile. Marekani iliweka kikomo cha juu cha mtu mzima kuwa miligramu 100 kwa siku. Mamlaka ya chakula ya Umoja wa Ulaya ilikishusha hadi miligramu 12 mwaka 2023. Chupa tatu za virutubisho tofauti zinaweza kuwa na B6 zote tatu. Kwa hiyo anayekwenda kwa daktari na ganzi inayozidi abebe chupa zake zote, zikiwemo zile anazoziona si dawa.

Lililobaki ni muda, na hapa hofu ya kwamba ugonjwa umerudi hupata nafasi yake kubwa. Neva iliyobanwa tu, ganda lake likiwa limechubuka, inaweza kupona ndani ya wiki kadhaa. Neva ambayo nyuzi zake zilikatika hulazimika kuota upya kutoka mahali pa jeraha, kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole cha kati ni karibu sentimita 18, yaani miezi sita. Katika safari hiyo hisia hurudi na michomo, na michomo hutisha kuliko ganzi iliyokuwapo. Mtu aliyemaliza dawa wiki tatu zilizopita, huku ncha ya kidole chake bado haihisi kitambaa, hajapata ushahidi wa bakteria. Ana neva iliyosafiri sentimita mbili.